Sura ya Sita: Je, Wakathari Walikuwa Ndugu Zetu wa Imani?

Swali hili huulizwa na watu wanaosoma historia ya kanisa kwa bidii, na katika wilaya ya Same wasomaji wa namna hiyo si haba. Mtu amesoma kwamba katika karne ya 12 na ya 13 kusini mwa Ufaransa waliishi Wakristo waliokataa mamlaka ya Papa, wakakataa kuuheshimu msalaba, wakaisoma Injili kwa lugha yao, na viongozi wao hawakugusa nyama. Amesoma pia kwamba wengi wao walikubali kuchomwa moto kuliko kuikana imani yao. Akimaliza kusoma anauliza: hawa si Wasabato waliokuwapo kabla ya jina hilo? Jirani yake Mlutheri anauliza vingine: hawa si waliomtangulia Martin Luther kwa miaka 300? Mkatoliki ana swali zito kuliko yote: ni kweli kanisa langu lilifanya hayo?

Jibu la maswali mawili ya kwanza ni hapana, na la swali la tatu ni ndiyo. Lakini jibu la neno moja halimtoshi mtu mzima. Katika sura hii tutaona Wakathari walikuwa akina nani, waliamini nini hasa, waliangamizwaje, na kwa nini watu wengi huwafikiria kuwa jamaa zao wa imani.

Swali limetoka wapi

Tuanzie nyumbani. Milima ya Upare imepokea dini nyingi katika muda mfupi. Uislamu ulipanda milimani kwa njia ya biashara na misafara iliyopita tambarare. Misheni ya Leipzig, iliyoleta Ulutheri, ilifungua kituo Shigatini, Usangi, mwaka 1900. Mwaka 1903 Johannes Ehlers na A. C. Enns, wamisionari wa Kisabato kutoka Ujerumani, walianza kazi Giti, Upare Kusini, na kituo chao wakakiita Friedenstal, yaani Bonde la Amani. Wakatoliki wana Jimbo la Same tangu mwaka 1977. Walutheri nao wana Dayosisi ya Pare, na makao yake yapo Same.

Matokeo yake yanaonekana kila wiki. Ijumaa adhuhuri watu wanaelekea msikitini. Jumamosi Wasabato wamevaa vizuri, Biblia mkononi, na maduka yao yamefungwa. Jumapili ni zamu ya Walutheri na Wakatoliki. Katika ukoo mmoja utamkuta babu ni Mlutheri, shangazi ni Msabato, mjomba ni Mwislamu na mkwe ni Mkatoliki. Ukiwapo msiba wote wanakutana uwanja mmoja, na wapishi wanajua la kupika ili asiwepo wa kurudi nyumbani na njaa.

Mahali kama hapo mtoto hujifunza mapema kuwatofautisha watu kwa alama. Huyu anasali siku gani? Anakula nini, na hali nini? Amebatizwa kwa kuzamishwa majini au kwa kunyunyiziwa maji? Alama hizo zinasaidia sana watu wanaoishi pamoja. Lakini msomaji anapokutana na Wakathari kitabuni, huanza na alama zilezile. Akiona hawali nyama na wanagombana na Roma, anadhani amewatambua.

Kwa Wasabato ipo sababu nyingine. Ellen White, mmoja wa waanzilishi wa kanisa lao, aliandika kitabu maarufu kuhusu pambano kati ya Kristo na Shetani. Humo mna sura nzima ya Wawaldensi, waumini waliomfuata Valdès, mfanyabiashara wa mji wa Lyon aliyegawa mali yake katika miaka ya 1170 na kuanza kuhubiri umaskini na Injili. Waalbigensi wa Ufaransa wametajwa humo kwa heshima, kama ndugu wa Wawaldensi. Na Waalbigensi, jina lililotokana na mji wa Albi, ndio haohao Wakathari.

Kuwaunganisha watu hawa ni jambo la zamani. Mwaka 1184, katika mji wa Verona, Papa Lucius III alitoa amri ya kulaani makundi aliyoyaona kuwa ya uzushi, yaani mafundisho yanayopingana na ya kanisa. Katika orodha moja aliwataja Wakathari, Maskini wa Lyon (ndio Wawaldensi) na Wapasagini. Wapasagini walikuwa kikundi kidogo cha Italia ya kaskazini kilichoshika torati ya Musa pamoja na Sabato yake. Kwa hiyo washika Sabato walikuwapo kweli. Hawakuwa Wakathari. Waliandikwa tu katika orodha moja na Wakathari, na aliyeiandika alikuwa adui wa wote. Wawaldensi, kwa mfano, walipambana na Wakathari kwa mahubiri na midahalo, wakiwahesabu kuwa wamepotoka kabisa.

*Kwa ufupi: Makundi mengi yalilaaniwa na Roma kwa wakati mmoja. Kulaaniwa pamoja hakukuwafanya kuwa na imani moja.*

Walikuwa akina nani

Eneo lao kubwa lilikuwa Languedoc, nchi ya kusini mwa Ufaransa yenye miji ya Toulouse, Carcassonne, Béziers na Albi, ikipanda hadi milima ya Pyrenees mpakani na Hispania. Wengine waliishi Italia ya kaskazini. Mafundisho yao yalifanana na ya Wabogomili, waumini waliotokea Bulgaria katika karne ya 10, na wanahistoria wengi wanaona kwamba kulikuwa na uhusiano kati yao.

"Wakathari" ni jina walilopewa na wengine. Wao walijiita Wakristo tu, na wafuasi wao waliwaita viongozi wao "watu wema". Walikuwa wa ngazi mbili.

- Wakamilifu. Ndilo jina walilopewa na mahakimu wao. Walikuwa wanaume na wanawake walioweka nadhiri nzito. Hawakuoa wala kuolewa, hawakula nyama, hawakusema uongo, hawakula kiapo, na hawakuua mtu wala mnyama. Walitembea wawili wawili na kujipatia riziki kwa kazi za mikono, hasa ufumaji.
- Waamini. Hawa ndio waliokuwa wengi. Walioa, walilima, walifuga na kula nyama kama majirani zao. Walimkaribisha mkamilifu nyumbani, wakamlisha, wakapiga magoti mara tatu kumwomba baraka, na wakatumaini kwamba kabla ya kufa wangepata tendo lililowafanya kuwa wakamilifu.

Tendo hilo liliitwa faraja. Mkamilifu alimwekea mtu mikono na kuweka kitabu cha Injili kichwani pake, huku Injili ya Yohana ikisomwa. Kwao huo ndio ubatizo wa kweli, ubatizo wa Roho. Walisema maji ni kitu cha dunia hii, hayawezi kuiokoa roho.

Watu waliwapenda kwa sababu ya maisha yao. Padri wa kijiji alidai zaka ya nafaka na ya wanakondoo, na mara nyingine mwenendo wake ulikuwa aibu. Mkamilifu alifika usiku kwa miguu, akakaa karibu na moto na wenye nyumba, akala maharage na mkate, akaeleza Injili kwa lugha ya nyumbani na kuondoka kabla ya mapambazuko. Mkulima hakuhitaji elimu kubwa kuona tofauti.

Waliamini nini hasa

Hapa inafaa kwenda polepole, kwa sababu ndipo msomaji mwenye haraka hupotea. Wakathari walianza na swali linalomsumbua kila mtu aliyewahi kuzika mtoto: ikiwa Mungu ni mwema, uovu umetoka wapi? Mvua ya mawe inayoangusha shamba, ugonjwa, mbwa mwitu zizini, kifo chenyewe, aliviumba nani?

Jibu lao lilikuwa kwamba Mungu mwema hakuviumba, na wala hakuiumba dunia hii inayoonekana. Imani ya namna hii huitwa imani ya asili mbili, yaani kwamba vitu vyote vimetoka katika vyanzo viwili, kimoja chema na kimoja kiovu. Hawakukubaliana katika kila jambo. Baadhi walisema mwovu amekuwapo tangu milele, wengine walisema ni malaika aliyeasi. Lakini mambo makuu yalikuwa haya:

1. Mungu mwema aliumba roho. Ardhi, milima, miili ya wanyama na ya wanadamu ni kazi ya yule mwovu.
2. Roho za wanadamu ni malaika walioanguka na kufungwa ndani ya miili. Mtu akifa bila faraja, roho yake huingia katika mwili mwingine, wa mtu au hata wa mnyama.
3. Yesu alitumwa kuzikumbusha roho zilikotoka. Hakuvaa mwili halisi wa nyama na damu, alionekana tu kuwa nao. Kwa hiyo hakuteseka msalabani kama tunavyoelewa, na msalaba ni chombo cha mateso kisichostahili heshima.
4. Mkate na divai ya misa havigeuki kuwa mwili na damu ya Kristo.
5. Kuzaa mtoto ni kuifunga roho nyingine gerezani, kwa hiyo ndoa haiwezi kuwa kitu kitakatifu.
6. Agano Jipya ndilo neno la Mungu. Sehemu kubwa ya Agano la Kale, hasa habari za uumbaji, inamhusu yule mwingine.

Mafundisho ya asili mbili yanajulikana Afrika pia tangu zamani. Agostino, aliyezaliwa katika nchi ambayo leo ni Algeria na kuwa askofu wa Hippo, aliwafuata wanafunzi wa Mani kwa takriban miaka tisa kabla ya kubatizwa. Mani alikuwa mwalimu wa karne ya 3 aliyefundisha vita kati ya nuru na giza. Makasisi wa Ulaya walipokutana na Wakathari miaka 800 baadaye, walifungua maandiko ya Agostino kutafuta maelezo.

*Kwa ufupi: Kwa Mkathari, dunia na mwili ni gereza. Mengine yote aliyofanya yalitokana na hilo.*

Tupime alama moja moja

Sasa turudi kwenye swali la Same na kuzipima zile alama.

Siku. Msabato hushika siku ya saba kwa sababu Kutoka 20 inasema kwamba kwa siku sita Bwana alifanya mbingu na nchi, akastarehe siku ya saba. Sabato ni kumbukumbu ya uumbaji. Mkathari aliamini kuwa nchi ni kazi ya mwovu. Kumwambia aiadhimishe siku ya kuumbwa kwake ni kumtaka amsifu adui wa Mungu. Fundisho hilo halikuweza kukaa pamoja na Sabato ya Musa.

Chakula. Msabato hali nguruwe kwa sababu ya Mambo ya Walawi 11, ambapo Muumba anapanga kipi kiliwe na kipi kiachwe. Mkamilifu hakula nyama, mayai, maziwa wala jibini, kwa sababu vyote vimetokana na kujamiiana kwa wanyama. Samaki alikula, kwani watu wa zama hizo walidhani samaki huzaliwa na maji yenyewe. Mkamilifu angekaribishwa Upare na kuwekewa makande yaliyopikwa kwa mafuta ya mimea, angeshukuru na kula. Angeongezewa kikombe cha maziwa, angekisogeza kando. Shangazi Msabato asingeona kosa lolote katika maziwa yale. Watu wawili wanaweza kuacha nyama, mmoja kwa sababu ya ugonjwa wa jongo na mwingine kwa nadhiri, na sahani zao zikafanana bila sababu zao kufanana.

Ubatizo. Wasabato huzamisha majini, Walutheri na Wakatoliki hubatiza watoto kwa maji. Wote wanatumia maji. Mkathari aliyakataa.

Ufufuo. Wasabato, Walutheri na Wakatoliki wanafundisha kuwa wafu watafufuliwa na miili yao. Kwa Mkathari hilo lilikuwa jambo la kutisha: nani atamrudishia mfungwa minyororo yake?

Na Luther je? Aliheshimu Agano la Kale na kulitafsiri, akaoa mwaka 1525, akafundisha kwamba mwili na damu ya Kristo vimo katika meza ya Bwana. Katika mambo hayo yote alikuwa karibu na Papa aliyempinga kuliko na Wakathari.

Kuna jambo moja ambalo Mpare anaweza kuliona upesi kuliko msomaji wa Ulaya. Kabla ya misheni yoyote, wazee wa Upare walimwita Mungu Kyumbe, Muumba. Mzee aliyepeleka sadaka katika mpungi, msitu mtakatifu wa ukoo wake, hakudhani kuwa milima na mvua ni kazi ya mwovu. Ukiuliza Same leo ni nani aliyeumba dunia, na kama alifanya vema, mzee wa jadi, Mwislamu, Mkatoliki, Mlutheri na Msabato wanasimama upande mmoja. Mkathari anasimama peke yake upande wa pili.

Walivyoangamizwa

Kwa kuwa imani yao ilikuwa mbali hivyo na zetu, je, yaliyowapata yanatuhusu? Yanatuhusu sana, na hatupaswi kuyapita haraka.

Januari 1208 mjumbe wa Papa, Pierre de Castelnau, aliuawa katika nchi ya Raymond VI, mtawala wa Toulouse. Papa Innocent III alitangaza vita vya msalaba. Vita hivi vilipiganwa ndani ya nchi ya Kikristo, na askari wa kaskazini waliahidiwa msamaha wa dhambi na mashamba ya wale watakaowashinda.

- 22 Julai 1209: Mji wa Béziers ulitekwa na watu wake kuuawa bila kubagua Mkathari na Mkatoliki. Mjumbe wa Papa, Arnaud Amalric, aliandika kwa Papa kwamba karibu watu 20,000 wameuawa. Wanahistoria wanaona hesabu hiyo ilitiwa chumvi, lakini mauaji hayana ubishi.
- 1210 na 1211: Wakamilifu wapatao 140 walichomwa moto Minerve, na mwaka uliofuata mamia wakachomwa Lavaur.
- 1229: Mkataba uliotiwa saini Paris ulimaliza vita na kuiweka Languedoc chini ya mfalme wa Ufaransa. Mwaka huohuo baraza la maaskofu Toulouse liliwakataza watu wa kawaida kuwa na Biblia.
- 1233: Papa Gregory IX alianza kuwatumia watawa wa Kidominiko kama mahakimu wa kuwasaka wazushi. Mahakama hizo ndizo zilizoitwa Inkwizisheni.

Kisha ikaja Montségur, ngome iliyo juu ya mwamba katika milima ya Pyrenees. Wakamilifu wengi walikimbilia huko, na jeshi likaizingira kuanzia Mei 1243. Ngome ilipokubali kusalimu amri Machi 1244, masharti yaliwashangaza wengi. Askari waliolinda wangesamehewa, na yeyote atakayeikana imani ya Wakathari angeachwa hai. Watu wa ngomeni walipewa siku 15. Katika siku hizo watu wapatao 20 ambao hawakuwa wakamilifu, wakiwemo askari ambao wangeweza kushuka mlimani wakiwa huru, waliomba faraja huku wakijua kwamba inawapeleka motoni. Tarehe 16 Machi 1244 zaidi ya watu 200 walichomwa chini ya mlima. Miongoni mwao walikuwamo Marquesia, binti yake Corba, aliyekuwa mke wa bwana wa ngome, na Esclarmonde, binti ya Corba. Bibi, mama na mjukuu waliingia katika moto mmoja.

Hiyo ndiyo sababu swali la Mkatoliki tumelijibu kwa ndiyo. Haki inatudai tuongeze mambo mawili. Wakathari nao walikuwa na wafuasi wenye silaha: mwaka 1242 watu waliotoka Montségur waliwaua mahakimu wa Inkwizisheni usiku, huko Avignonet. Na Kanisa Katoliki lenyewe halikuyafunika mambo ya zama zile. Tarehe 12 Machi 2000 Papa Yohane Paulo II aliomba msamaha kwa Mungu mbele ya watu kwa ajili ya waumini waliotumia nguvu kuitetea kweli. Mwaka 2015 Papa Fransisko aliingia katika kanisa la Wawaldensi mjini Turin na kuomba msamaha kwa waliyotendewa.

*Kwa ufupi: Wakathari hawakushindwa kwa hoja. Walimalizwa kwa upanga, moto na kunyang'anywa ardhi.*

Tunawajuaje waliokwisha?

Waswahili husema mwamba ngoma huvutia kwake. Sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu Wakathari imeandikwa na waliowahukumu. Maandiko yao wenyewe yaliyobaki ni machache: Agano Jipya la lugha yao likiwa na utaratibu wa faraja, kitabu kimoja cha hoja kuhusu vyanzo viwili, na vipande vingine. Wapo hata wanahistoria wanaosema kwamba mahakimu ndio waliolifanya "kanisa la Wakathari" lionekane kubwa na lenye mpangilio kuliko lilivyokuwa.

Kumbukumbu nono kuliko zote ni daftari la Jacques Fournier, askofu wa Pamiers, ambaye baadaye alikuwa Papa Benedict XII. Kati ya 1318 na 1325 alikaa barazani siku 370 na kufanya mahojiano 578, mengi kuhusu Montaillou, kijiji cha wafugaji na wakulima wapatao 250 kilicho juu milimani. Mhojiwa alisema kwa lugha yake, karani akaandika kwa Kilatini, kisha mhojiwa akasomewa kwa lugha yake athibitishe. Watano kati ya waliohukumiwa walichomwa moto, na wanne kati yao walikuwa Wawaldensi.

Humo tunakutana na Guillaume Bélibaste, mkamilifu wa mwisho anayejulikana katika Languedoc. Alikuwa na dosari zake: aliwahi kumuua mchungaji wa kondoo katika ugomvi, na ingawa aliweka nadhiri, aliishi na mwanamke. Alitoroka kuvuka milima na kuishi na wakimbizi wenzake upande wa Hispania, akitengeneza vichanuo vya wafumaji. Siku moja alifika kijana fundi viatu, Arnaud Sicre. Mama yake alikuwa amechomwa kwa imani ya Wakathari na nyumba ya familia kutwaliwa. Wakimbizi walimpokea kama mtoto wa marehemu dada yao. Hawakujua kwamba amekubaliana na askofu Fournier kumleta mkamilifu ili arudishiwe mali ya mama yake. Alimdanganya Bélibaste kwamba ana shangazi tajiri mwenye imani, akamshawishi wasafiri pamoja kwenda kwake, na njiani Bélibaste akakamatwa. Alichomwa mwaka 1321, Villerouge-Termenès. Sicre mwenyewe ndiye aliyeyasimulia haya mbele ya hakimu, bila kuona haya.

Msomaji wa Upare ana sababu ya pekee ya kuelewa ugumu wa kumbukumbu za namna hii. Vitabu vya kwanza vilivyoeleza kwa kirefu imani za jadi za Wapare viliandikwa na watu waliokuja kuziondoa. Jakob Dannholz, mmisionari wa Kilutheri wa Mbaga, alichapisha chake kwa Kijerumani mwaka 1916. Ernst Kotz, Msabato aliyeandika sarufi ya Chasu, lugha ya Wapare, alitoa chake mwaka 1922. Vyote viwili, kuanzia majina yake, vinawaonyesha Wapare kama wafungwa, mmoja wa mizimu, mwingine wa woga. Watu hawa waliona mengi kwa macho yao, na tunawashukuru kwa kuandika. Lakini ngoma waliivutia kwao.

Kisha akaja Isaria Kimambo, mwanahistoria aliyetoka Upare. Aliketi na wazee, akasikiliza masimulizi ya koo, na mwaka 1969 akatoa historia ya siasa za Wapare kuanzia takriban mwaka 1500 hadi 1900. Ndani yake misitu ya mila na matambiko ya koo si woga mtupu. Vinaonekana kuwa njia ya watu ya kujitawala, kuwalea vijana na kushika umoja. Wapare walibahatika kuwa na wazee hai wa kuulizwa. Wakathari hawakuacha hata mmoja.

Tumjibu nini anayeuliza

Ukiulizwa swali hili kanisani, darasani au katika mazungumzo ya nyumbani, mambo manne yanatosha:

1. Wakathari hawakuwa Wasabato, Walutheri wala Wawaldensi. Kwa fundisho la uumbaji walikuwa mbali na dini zote tunazozijua Same.
2. Walikuwa Wakristo kwa kujihesabu kwao wenyewe, waliojaribu kwa uaminifu kujibu swali la uovu. Tunaweza kulikataa jibu lao na bado tukaliheshimu swali.
3. Waliuawa kwa wingi kwa sababu ya imani, na ilikuwa dhuluma.
4. Mengi tunayasoma kwa kalamu ya waliowashtaki, kwa hiyo tusome kwa uangalifu.

Najua jibu hili huwasikitisha baadhi ya wasomaji. Ni jambo la kutia moyo kuamini kwamba imani yako ilikuwa na mashahidi milimani miaka 800 iliyopita. Lakini tukiwafanya Wakathari kuwa Wasabato au Walutheri, tunawanyang'anya kitu pekee ambacho moto wa Montségur haukuweza kukichukua, nacho ni yale waliyoyaamini wenyewe. Bibi Marquesia na mjukuu wake hawakufia Sabato wala mafundisho ya Luther. Walifia imani ambayo wengi wetu tungeipinga tangu sentensi ya kwanza.

Na hapo ndipo funzo lao linapotufaa. Kumhurumia aliyeuawa kwa sababu alikuwa wa kwetu ni rahisi, hata waliomuua wangefanya hivyo kwa wa kwao. Kazi ngumu ni kumtetea mtu ambaye ukimsikiliza unaona amekosea katika jambo unalolipenda kuliko yote. Koo za Upare zimeifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 100, kwa kuoana, kuzikana na kupikiana, huku kila mmoja akiendelea kuamini kwamba mwenzake amekosea katika jambo zito. Languedoc nayo ilikuwa na nyumba kama hizo, Wakatoliki na Wakathari chini ya paa moja, mpaka walipokuja watu wa mbali kuwaambia kwamba haiwezekani.